Baba alizikwa nikiwa nimefungiwa Mji wa Kale. Sasa njia zimefunguliwa, niende Lamu?

Assalaam aleikum Bi Mkubwa,

Nakuamkua na nakuombea afya. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja wa miaka tisa na mmoja wa miaka minne. Naishi Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na mume wangu ni karani bandarini Kilindini. Kwetu ni Lamu. Nimezaliwa na kulelewa Mkomani, katika nyumba ya mawe ya mababu, ile ya kizamani yenye kuta nene na daka mlangoni.

Katika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka huu wa 2020 baba yangu alifariki. Haikuwa korona. Alianguka akitia udhu wa alfajiri, kiharusi, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshatutoka. Wakati huo Mombasa, Kilifi na Kwale zilikuwa zimefungwa tangu tarehe 8 Aprili, na sisi wa Mji wa Kale tulifungwa mara mbili, kwani tangu tarehe 6 Mei hata kutoka mtaani ilikuwa marufuku. Nilikwenda mpaka kwenye kizuizi na buibui langu na mkoba. Askari alinisikiliza, siwezi kumsingizia, na akanipa pole. Akaniambia nikatafute barua. Barua ya nani, Bi Mkubwa, na maiti wetu hangoji? Nikarudi nyumbani. Kaka yangu akanipigia simu akaiweka dirishani. Nikasikia jeneza likitolewa, nikasikia tahlili ikienda na kichochoro, ikififia, mpaka nikabaki nasikia kuku wa jirani. Ndivyo nilivyomzika baba.

Mama yumo edani, na atatoka mwishoni mwa Septemba inshallah. Ana miaka 66, ana sukari na presha. Tangu Rais alipotangaza tarehe 6 Julai kwamba njia zinafunguliwa, ananipigia kila jioni: "Njoo mwanangu, nikifa nife nimekuona." Nikiweka simu nalia.

Lakini kaka yangu, anayeishi naye, hataki. Alinambia wazi: "Watu wa Mombasa mmejaa ugonjwa. Ukija ukamwambukiza mama, nitakutazama kwa jicho gani?" Maneno hayo yaliniuma. Ni kana kwamba mimi ni mgeni katika nyumba ya baba yangu. Nikamjibu vibaya, na sasa ni siku ya tano hatujasemezana.

Ami yangu naye alinitumia ujumbe wa sauti akanisomea ile hadithi ya Mtume (SAW) kuhusu tauni: ikiwa katika nchi usiingie, na ikitokea nchi uliyomo usitoke kuikimbia. Mume wangu anacheka. Anasema lau kungekuwa na hatari Serikali isingefungua. Ameshaazima Probox ya rafiki yake, na mpango wake ni twende sote wanne kwa Idi ya Mfungo Tatu. Tuondoke Alhamisi, tule Idi Ijumaa, turudi Jumapili, maana Jumatatu yuko kazini. Jirani yangu ananiambia nisijisumbue na gari la watu, nipande basi tu, siku hizi wanapima joto kabla hujapanda.

Mimi sina dalili yoyote, wala mume wangu, wala watoto. Lakini sijawahi kupimwa. Walipokuja kupima mtaani sikwenda. Tuliogopa kupelekwa karantini, sitakuficha.

Niende au nisiende? Na kama ni kwenda, niende vipi? Tafadhali usinijibu nisubiri mpaka korona iishe. Hilo nimeshaambiwa na kila mtu mwenye mdomo.

Mwana wa Mkomani,
Kibokoni, Mombasa, Julai 2020.

*

Wa aleikum salaam mwanangu. Mungu amrehemu mzee na akupe subira, wewe na mama yako na huyo kaka yako.

Nenda. Lakini Idi usiende, watoto usiwachukue, na siku tatu hazitoshi. Nivumilie nikueleze.

Nianze na hizo siku tatu, kwa sababu ndizo zinazonitisha kuliko basi, kuliko boti, kuliko yote. Ugonjwa huu ukimwingia mtu hauonekani siku ileile. Dalili huchukua baina ya siku 2 na 14, na kwa wengi ni ya tano au ya sita. Na kabla hazijatoka, mtu tayari anaweza kuambukiza. Sasa chukua ratiba ya mume wako. Tuseme mmoja wenu ameupata Jumanne bila kujua. Alhamisi mko njiani, wazima, mnaimba. Ijumaa unamkumbatia mama, unamlilia begani, mnalia pamoja vile mlivyokuwa mkitamani tangu Ramadhani. Jumapili mnarudi. Jumatatu mume wako anaanza kukohoa huku Mombasa. Na mama, kwa hesabu hiyohiyo, anaanza siku chache baadaye, wewe ukiwa Kibokoni. Atakayembeba mpaka kwenye boti ni kaka yako. Na pengine wakati huo njia zitakuwa zimefungwa tena, na wewe uko kwenye kizuizi na mkoba wako, unaambiwa ukatafute barua.

Sikwambii hayo kukutisha. Nakwambia kwa sababu mpango wa siku tatu una hatari yote ya safari na faida yake ni chache mno.

Na hilo la kufungwa tena si uzushi wangu. Mume wako alisikia njia zimefunguliwa akazima redio. Angeendelea kusikiliza angesikia kuwa hali ingeangaliwa kwa siku 21, na ikiharibika tutarudishwa tulikotoka. Siku 21 kutoka tarehe 6 zinaishia Jumatatu tarehe 27, siku nne kabla ya Idi. Angesikia pia kuwa kafyu imebaki palepale, saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri. Misikiti na makanisa yamefunguliwa kwa watu 100, saa moja tu, na aliyepita miaka 58 abaki nyumbani. Mtu wa umri wa mama yako, edani au nje ya eda, hatakiwi akae saa moja na watu wanaovaa barakoa na kuachiana nafasi. Yeye mume wako anataka kumpelekea watu wanne walale naye siku tatu, mmoja wao akitoka bandarini.

Serikali ilifungua njia kwa sababu watu walikuwa wanakufa njaa, hilo sote tunalijua. Hoteli zimefungwa, vijana wa ufuo hawana kitu, matatu zimelala. Ugonjwa haukupungua. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi, na mwezi huu, siku chache tu baada ya kufunguliwa, hesabu ya Kenya imepita watu 10,000. Aliyefungua mlango ili upate chakula hakusema mvua imeanuka.

Nikija kwa ami yako, mimi si shekhe, na hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, sina la kuipinga. Naona tu kuwa inasema "kuikimbia", na wewe hukimbii kitu, unamwendea mzazi. Lakini kirusi hakiangalii nia ya mtu. Hija yenyewe mwaka huu wamekubaliwa wachache tu waliomo Saudia tayari, sisi wengine wote tumeambiwa tukae kwetu. Wala hakuna aliyesema kuwa waliozuiwa hawampendi Mungu wao. Kwa hiyo ami usibishane naye. Mshukuru, mwambie umeisikia na umeizingatia, na kweli uizingatie.

Sasa safari yenyewe.

Watu wengi wanafikiri hatari ya safari iko njiani. Wanauliza basi au gari, barakoa ya kitambaa au ya dukani. Hayo yana maana na nitayafikia, lakini kwako hatari kubwa ni zile siku za mwanzo ndani ya nyumba ya mama. Wengine wangekwambia ujifungie kwanza siku 14 hapo Kibokoni ndipo usafiri. Ungekuwa mjane au mke wa baharia ningekwambia hivyohivyo. Lakini utajifungia vipi na mume anakwenda Kilindini kila asubuhi, anakutana na makuli, madereva wa malori na mawakala, na jioni anakaa na wewe sinia moja? Kila akirudi, hesabu yako ya siku 14 inaanza upya. Kwa hiyo siku zako 14 inabidi uzihesabu ukiwa Lamu.

Na kipimo? Ukiweza kupimwa, pimwa, si kitu kibaya. Lakini maabara za binafsi wanatoza maelfu ya shilingi, majibu yanaweza kuchelewa, na wakati unayasubiri bado unaishi nyumba moja na yule karani wetu. Kipimo kitakwambia ulivyokuwa siku ile ulipochomekwa kijiti puani. Siku ya kupanda boti hakikujui. Hizo pesa nina kazi nyingine nazo, subiri kidogo.

Umeandika kuwa nyumba yenu ni ya kale, yenye daka. Basi naamini ina na sabule. Sisi wa siku hizi tunaweka humo magodoro ya ziada na baiskeli mbovu, tumesahau sabule ilikuwa ya nini. Wazee wa Lamu walikuwa wafanyabiashara. Mgeni alikuja na pepo za kaskazi, akakaa mpaka zigeuke, na hakuna mtu aliyetaka mwanamume asiyejulikana apite kiwandani, ule ua wa ndani ulio wazi juu, akaingia msana, yaani ukumbi, wa ndani waliko wanawake. Wakamjengea chumba chake pembeni. Alilishwa, aliheshimiwa, alizungumzishwa, na nyumba hakuiingia. Hebu nambie, si ndicho unachokitafuta? Ulilalamika kuwa kaka yako amekufanya mgeni katika nyumba ya baba yako. Mwanangu, kubali kuwa mgeni kwa wiki mbili.

Lala sabuleni peke yako. Kama ina choo chake, umepata. Kama haina, utumie choo baada ya wengine, ukimaliza usugue kwa sabuni na uache dirisha wazi. Sahani yako, kikombe chako, kanga zako uoshe mwenyewe. Na mama utamwona siku ya kwanza, tena kila siku! Kiwanda kiko wazi juu, hewa inapita. Mama awekewe kiti chini ya msana, wewe ukae upande wa pili, hatua tatu au nne baina yenu, nyote na barakoa. Kaeni kutwa mkitaka. Zungumzeni habari za baba mpaka zikauke. Kitu kimoja tu ndicho kitakachokushinda nafsi, nacho ni mkono wake. Siku 14 hutaushika. Ya 15, ikiwa hukupata homa, wala kikohozi, wala hukupoteza kunusa chakula, vuka kiwanda.

Ndiyo maana nasema watoto wabaki. Huyo wa miaka tisa ungeweza kumweleza. Wa miaka minne hakuna mkeka wala kamba itakayomzuia asimkimbilie bibi yake, na hata ukimzuia, bibi mwenyewe atamwita. Si umeniandikia hapo "nikifa nife nimekuona"? Bibi wa maneno hayo hatamfukuza mjukuu. Wapeleke kwa wifi yako au yeyote unayemwamini. Shule zimeshatangazwa kuwa ni mpaka Januari mwakani, kwa hiyo hakuna darasa wanalolikosa. Watalia siku mbili, halafu watazoea televisheni.

Tarehe nazo. Subiri tangazo la Jumatatu ya tarehe 27. Njia zikibaki wazi, pisha Idi na msukosuko wake, ondoka Jumanne tarehe 4 Agosti au hapo karibu. Wiki mbili sabuleni, wiki mbili au tatu ndani, unarudi mwanzoni mwa Septemba. Siku ya kutoka eda hutakuwapo, na naona heri, kwa kuwa siku hiyo nyumba itajaa wanawake na kila mmoja atataka kumbusu.

Kwa habari ya wanawake hao, hebu mfikirie mama yako sasa hivi. Mjane wa Lamu aliyemo edani hakai peke yake. Asubuhi anakuja jirani na uji, alasiri wanakuja watatu kuhani, jioni binti wa fulani aliyerudi juzi kutoka Malindi. Kaka yako anakuogopa wewe wa Mombasa, na mlango hauna mtu. Wewe ukiwa kule unaweza kuwa bawabu. Kaa dakani na barakoa yako, weka ndoo ya maji na sabuni, mpokee mgeni palepale kwenye baraza ya nje, mpe kahawa, mwambie mama amelala au mama anasoma. Ni kazi chungu katika mji wa watu wakarimu, najua. Mimi mwenyewe juzi nilimzuia shoga yangu wa tangu miaka 40 iliyopita asiingie ndani, nikampa kiti kibarazani, na mpaka leo ananitazama kama mtu aliyemdai.

Basi au Probox? Juma lililopita nilipita Mwembe Tayari, yanapoondokea mabasi, kununua dawa ya mbu, nikasimama kidogo kutazama. Kwa sheria, gari lichukue asilimia 60 ya abiria wake, na ndiyo maana nauli zimepanda. Basi nililolitazama liliondoka likiwa na nafasi zake sawasawa, sina neno. Lakini kijana wa kupima joto alikuwa anaelekeza kile kidude kwenye vipaji vya nyuso, anatikisa kichwa, na kuelekeza kwa mwingine, bila hata mara moja kutazama namba. Na hata angetazama! Wengi wanaoambukiza hawana homa. Ndani, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, barakoa ziko kidevuni, na mzee mmoja anazungumza na simu kwa sauti ya kuadhini. Shirika la Afya Duniani mwezi huu limesema kuwa mahali palipofungwa, penye watu wengi na hewa isiyopita, haliwezi kukanusha kuwa ugonjwa unasafiri kwa hewa yenyewe. Saa saba au nane za kupumua pumzi za watu usiowajua.

Kwa hiyo Probox imeshinda, lakini kwa sharti. Muwe wawili tu, wewe na mumeo. Pumzi yake umeshaizoea, hakuna kitu kipya. Mtoke kafyu inapokwisha, vioo wazi, achaneni na kiyoyozi. Fungeni mahamri na mbaazi na chupa ya chai, msiingie hoteli ya Malindi kula. Choo ndicho kisichoepukika, basi ni barakoa, haraka, sabuni. Na kuanzia Garsen mnaijua barabara ile, kwa usalama ni ya mchana. Mkiambiwa na askari msubiri wenzenu mfuatane, subirini, lakini msubiri ndani ya gari lenu, msijikusanye mtini kupiga soga.

Mume afike mpaka Mokowe, huku bara panapopandiwa boti, ashushe mizigo, ageuze. Asivuke. Najua ataona aibu, mkwe hajatoa mkono wa pole na amefika mpaka ufuoni. Ampigie mama simu akiwa palepale gatini, mama auone uso wake, yatosha. Akalale Malindi kama amechoka, asikimbizane na kafyu.

Boti ukiweza kulipia peke yako, lipa. Huwezi, panda lile lisilojaa na ukae ukingoni. Si safari ndefu na upepo upo. Lau ingekuwa enzi za marehemu babu yangu ningekwambia upande jahazi hapo Bandari ya Kale ukashukie mlangoni kwenu, hakuna chombo kinachopitisha hewa kama hicho! Ila ni Julai, na kusi ikivuma hivi ungefika Lamu ukiwa umetapika mpaka jina lako.

Ikiwa siku moja kabla ya kuondoka umehisi homa, au mumeo amehisi, au mtoto, safari imevunjika. Usimeze panadol ukasema ni uchovu. Piga 719, namba ya Wizara ya Afya, uulize. Na ikikutokea ukiwa sabuleni, sema siku hiyohiyo. Nimeielewa ile hofu yenu ya karantini, watu walilipishwa pesa nyingi mwanzoni na wakakaa humo wiki baada ya wiki. Lakini tangu Mei Serikali ilisema itabeba gharama katika vituo vyake, na tangu Juni asiyezidiwa anaruhusiwa kuuguzwa nyumbani akiwa na chumba chake. Wewe chumba unacho.

Na tarehe 27 tukiambiwa tunafungwa tena? Basi hujaenda, hujakwama, na bado kuna kitu utakachomfanyia mama, ambacho ni bora ukianze leo. Zile pesa za kipimo nilizokwambia usubiri, mnunulie dawa zake za sukari na presha za miezi mitatu. Mwenye sukari ugonjwa huu humuumiza zaidi, na kila safari yake ya kwenda kupanga foleni ya dawa ni hatari isiyo na haja. Njia ikiwa wazi utazibeba mwenyewe. Ikifungwa, mizigo haikuzuiwa hata mwezi wa Aprili.

Ila huwezi kununua dawa bila kujua ni zipi na kwa kipimo gani, na karatasi ya daktari iko Mkomani. Kwa hiyo mpigie kaka yako leo baada ya Isha. Usimpigie mama umpitishie yeye maneno. Usianze na safari, wala na yale aliyokwambia siku tano zilizopita. Yeye ndiye aliyemwinua baba pale chini, akamwosha, akatangulia mbele ya jeneza, na tangu siku hiyo yuko peke yake na mjane na usiku wa Mkomani. Muulize yeye hali yake. Halafu muombe akupigie picha ile karatasi ya dawa akutumie kwenye simu. Akishaituma, muulize kama taa ya sabule bado inawaka.